Umeanza na 'Mpendwa Bibi'? Hebu futa kwanza

KIJANA, kabla hujabonyeza 'tuma', rudi juu. Soma mstari wa kwanza. Umemwitaje huyo mtu?

Swali linaonekana dogo. Wengi wetu tunakesha tukipanga aya za katikati, tunatafuta maneno mazito ya kujieleza, tunaambatisha vyeti, halafu pale juu kabisa tunarusha 'Hi' ama 'Mpendwa Sir/Madam' na kusonga mbele. Ilhali anayesoma, awe meneja, chifu, mwenye nyumba au mamako mzazi, macho yake yanaanzia papo hapo. Akikwazika, hizo aya zako nzuri atazisoma kwa jicho jingine, ama hatazisoma kabisa.

Haya nayajua kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwa takriban miaka miwili nilikaa kwenye saiba moja karibu na soko la Mutindwa, pale Umoja inapopakana na Buruburu, nikichapia watu barua. Kuchapa ukurasa Sh50, kuprinti Sh10. Nimechapa barua za basari, za kuomba kazi ya ulinzi, za kuacha kazi, za kumlilia landilodi, hata za mapenzi. Ya pili ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuchoma, na nilichoma vibaya.

Nilikuwa nimetoka chuo, natafuta nafasi ya mafunzo kazini. Rafiki akanipa anwani ya baruapepe ya mkuu wa idara katika kampuni fulani. Jina nililopewa lilikuwa la ukoo pekee. Kwa akili zangu za wakati huo, mdosi ni mwanamume, basi nikaandika 'Kwa Bwana' na hilo jina. Jioni rafiki yangu akaniuliza, "Ulimwandikia yule mama?" Nikahisi jasho. Usiku uo huo nikatuma barua ya pili ya kuomba radhi, na ili kuonyesha kwamba heshima ninayo, nikaanza hivi: 'Mpendwa Bibi'.

Jibu lilikuja asubuhi, mistari miwili. Kwamba yeye si bwana, na kazini hapo yeye si bibi ya mtu. Na kwamba nafasi zilikuwa zimejaa.

Labda kweli zilikuwa zimejaa. Lakini nilibaki na hiyo simu mkononi kwa muda mrefu, kwa sababu shuleni nilifundishwa 'Bwana/Bibi' na mwalimu aliyekuwa na kalamu nyekundu, na sikuwahi kukosa alama hapo.

Tatizo ni kwamba 'bibi' ya kitabuni na 'bibi' ya Nairobi si mtu mmoja. Kitabuni, bibi ni mwanamke anayeheshimiwa. Ukivuka mpaka ukaingia Tanzania, bibi ni nyanya yako, yule mama ya mamako. Lakini hapa kwetu, kuanzia Kayole hadi Shauri Moyo, bibi ni mke. "Bibi yake amesafiri." "Ameoa bibi wa pili." Sasa weka neno 'Mpendwa' mbele yake uone umemwambia nini mwanamke ambaye hujawahi kukutana naye. Na usijaribu kukimbilia 'Mpenzi'. Wazee wetu waliandikiana 'Mpenzi mama', 'Mpenzi rafiki yangu', na hakuna aliyeshtuka. Siku hizi neno hilo limehamia chumbani, na kulirudisha ofisini ni kazi ambayo barua yako moja haitaweza.

Andika 'Bi'. Herufi mbili tu. Haiulizi kama ameolewa, haiulizi umri, na haina masihara. 'Bw.' na 'Bi.' na jina la ukoo, basi. Hilo 'Mpendwa' mimi ningeliacha kabisa kwenye barua ya ofisi. Naona ni 'Dear' ya Waingereza iliyovalishwa kanzu, ingawa wapo wanaolitumia na mambo yao yanaenda sawa. Kwa Kiswahili neno la kufungulia ni 'Kwa'. Halikumbatii mtu wala halimsukumi. Linaonyesha tu barua inakwenda wapi.

Lakini hata 'Bi' itakuponza kama hujui unayemwandikia ni nani. Hapa Eastlands tunaishi watu wa kila pembe ya nchi, na kila jamii ina mtindo wake wa majina. Otieno na Atieno wanatofautiana kwa herufi moja tu, na wengi tunajua nani ni kijana na nani ni msichana. Kip- na Chep- nazo tunazifahamu. Sasa umeona jina 'Otieno' peke yake kwenye tangazo la kazi. Ni Bwana Otieno? Huenda ni Bi Otieno, ambaye jina ni la babake au la mumewe. Hapo usibahatishe. Piga simu pale mapokezi, uliza. Ni shilingi ngapi za salio? Ama umwandikie kwa cheo: 'Kwa Meneja wa Wafanyakazi', 'Kwa Mkurugenzi', 'Kwa Mwalimu Mkuu'. Kiswahili kimetuhurumia hapo. Mwalimu ni mwalimu, daktari ni daktari, awe amevaa suti au rinda.

Si kila lugha ina huruma hiyo. Siku moja alikuja pale saiba dada mmoja wa Buruburu akitaka kuandikia profesa wa chuo kikuu huko Brno, katika Jamhuri ya Cheki, kuuliza habari za masomo. Alikuwa akijifunza Kicheki kwa simu. (Usicheke. Na si 'kucheki' ile ya mtaani.) Alikuwa ameandika salamu akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, lakini hakuiamini. Nikamwambia salamu ni salamu, weka tu 'mheshimiwa profesa' uendelee. Akanitazama kama mtu aliyepanda matatu namba 58 akitaka kwenda Rongai.

Alinieleza hivi, na tangu siku hiyo nimeyafuatilia mwenyewe. Kwa Kicheki, ukimwita mtu, jina lake lenyewe linabadilika mkia. Rafiki yako akiitwa Petr, ukimsemesha unaandika 'Ahoj Petře'. Eva anakuwa 'Milá Evo', na hilo 'Milá' ndilo 'Mpendwa' lao, la watu wanaojuana. Barua rasmi inaanza na 'Vážený pane' kwa mwanamume na 'Vážená paní' kwa mwanamke, yaani mheshimiwa bwana, mheshimiwa bi. Bwana Novák anageuka 'Vážený pane Nováku'. Mwanamke wa ukoo huo kwa kawaida ni Nováková, na jina lake halibadiliki: 'Vážená paní Nováková'. Kwa hiyo Mcheki akiona jina tu la ukoo, mara nyingi anajua kama ni bwana au bi, jambo ambalo lingeniokoa mimi.

Cheo nacho kinabadilika. Daktari mwanamume ni 'pane doktore', daktari mwanamke ni 'paní doktorko'. Profesa wa yule dada alikuwa mwanamume, kwa hiyo akaandika 'Vážený pane profesore', halafu koma, kisha sentensi inayofuata ikaanza kwa herufi ndogo. Mimi nikaharakisha kuirekebisha iwe kubwa. Akaniambia niache. Kwao koma hiyo haijafunga sentensi, kwa hiyo herufi kubwa ya nini? Na kama humjui kabisa anayesoma, unaweza kuandika 'Dobrý den', siku njema, na hakuna atakayekasirika.

Kama unadhani Ucheki ni mbali na haukuhusu, tazama viatu ulivyovaa ukienda shule. Bata, ambao kiwanda chao cha hapa Kenya kiko Limuru, ni jina la mtu. Tomáš Baťa alianzisha biashara hiyo ya viatu pamoja na nduguze mwaka wa 1894 katika mji wa Zlín. Sisi tumelitamka jina lake tangu darasa la kwanza na wengi walidhani ni yule ndege anayeogelea. Na kama ungemwandikia barua enzi zake kulalamika kwamba soli imeng'oka kabla muhula haujaisha, usingeandika 'pane Baťa'. Ungeandika 'Vážený pane Baťo'. Na miaka ya 1960 wapo Wakenya waliokwenda kusomea Chekoslovakia, wakati Prague ilikuwa na chuo kikuu kilichofunguliwa 1961 hasa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Wao nadhani walijifunza hizi mikia wakiwa na baridi ya kung'ata meno.

Ninachokipenda katika habari hii ni jinsi kila lugha inavyochagua mahali pa kuweka heshima. Mcheki anaiweka kwenye mkia wa jina. Mswahili haligusi jina. Anataka kwanza kujua wewe na huyo mtu ni nani kwa nani. Ndiyo maana tuna mama, mzee, dada, kaka, shangazi, mjomba, mwalimu, jirani. Ndiyo maana 'mama yangu' na 'mamangu' zina joto tofauti. Na ukishuka kwenye Sheng, ambayo imelelewa hapa hapa Eastlands, mambo ni yale yale ila nguo ni nyingine: mathe, buda, brathe, sistee, shosho.

Hapo ndipo tunapoteleza. Tunadhani heshima ni kuongeza maneno. Jamaa mmoja wa Dandora aliniletea barua ya kuomba basari aliyokuwa ameandika kwa mkono, inaanza hivi: 'Kwa Mpendwa Mheshimiwa Bwana Chifu Sir'. Nikamuuliza, "Hawa ni watu wangapi?" Akasema anaogopa kukosea, kwa hiyo ameweka zote. Nilimwelewa kabisa. Mtu ambaye karo yake iko mikononi mwa kamati asiyoijua anarusha kila alicho nacho. Ila huyo chifu alikuwa mwanamke.

Tuliandika 'Kwa Chifu', tukaongeza jina la lokesheni, tukaruka mstari, tukaweka 'KUH: OMBI LA BASARI'. Ile 'KUH' ni kuhusu. Wengine wataandika 'MINT', yaani mintarafu, na ndugu zetu wa Tanzania hupenda 'YAH'. Zote ni sawa. Neno 'Mheshimiwa' liwekee mbunge, mwakilishi wadi, gavana na hakimu. Ukilitumia kwa kila mtu mwenye kiti kinachozunguka, utakuwa huna la kumwambia mbunge siku utakayomwandikia.

Na usione haya kuandika kwa Kiswahili. Kipengele cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ofisi ya umma haina sababu ya kukurudishia barua ati kwa kuwa haikuanza na 'Dear Sir'. Nimewaona watu wazima, wenye maneno mazuri vinywani, wakigeuka mabubu mbele ya kompyuta kwa sababu wanadhani serikali haielewi lugha wanayoongea nayo kwenye baraza.

Kosa la upande wa pili ni ubaridi. Hili linaumiza zaidi, na halifundishwi shuleni.

Kijana mmoja wa Kayole alikuwa amechelewesha kodi ya miezi miwili. Mwenye keja ni mama mzee anayeishi ploti hiyo hiyo, chini. Kila siku huyu kijana akipita humwita Shosho, na Shosho humwuliza kama amekula. Sasa kodi imekwama, aibu imemshika, anapita usiku kimyakimya viatu mkononi. Akaja saiba tumwandikie barua rasmi ya kuomba muda. Tuliiandika vizuri sana, na mimi ndiye niliyeiharibu. Nilianza: 'Kwa Mwenye Nyumba'. Nikaweka tarehe, KUH, nambari ya nyumba, aya tatu zilizonyooka, 'Wako mwaminifu'.

Yule mama hakusoma zaidi ya hapo juu. Alidhani ameshtakiwa. Alimpigia mwanawe simu aje na wakili. Alipotulizwa akasema jambo moja tu, ambalo kijana alikuja kuniambia baadaye huku ameinamisha kichwa: "Kwani siku hizi mimi ni mwenye nyumba?"

Ile barua ilihitaji kuanza na 'Kwa Shosho'. Hata kama inakwenda kwenye faili. Hata kama kuna tarehe na sahihi. Unapobadilisha ghafla jina unalomwitia mtu, unamwambia kwamba kuna kitu kimekatika. Wazazi wetu walijua hili; mama akikuita kwa jina lako la kwenye cheti cha kuzaliwa, wewe mwenyewe unajua siku imekuharibikia.

Watu wa Majengo pale Pumwani, ambako Kiswahili kimekaa tangu mwanzo wa mtaa, wangekwambia salamu ya barua ni kama hodi. Huwezi kupiga hodi kwa jirani wa miaka kumi kama unavyopiga kwa hakimu. Na pwani kulikoanzia lugha hii, barua ilikuwa na adabu zake ndefu. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka wa 1711 kwa hati za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Katika desturi hiyo ya uandishi, jina la anayepelekewa lilitangulia likiwa limepambwa kwa sifa, zikafuata salamu na dua, ndipo likaja 'ama baada', yaani sasa tuingie kwenye shughuli. Nyanya zetu waliiendeleza kwa njia yao: madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali, mimi huku ni mzima, sijui wewe huko. Unaweza kucheka urefu wake. Lakini hakuna aliyefika kwenye neno 'nitumie pesa' bila kwanza kuulizwa afya.

Mtu aliyelinda mambo haya hewani kwa miongo mingi ni marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, na kipindi chake 'Je, Huu ni Ungwana?'. Wazazi wako wanakijua. Alichukua jambo dogo, mtu kula akiongea, mtu kuingia bila kubisha, kisha anakuachia lile swali. (Mtaa wetu wa Mbotela lakini si wake. Umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa 1952.) Najiuliza angesema nini kuhusu WhatsApp.

Maana huko ndiko barua zetu zimehamia. Unajua ile tabia: unaandika 'Hi', unanyamaza, unangoja. Mdosi anaiona. Hajui wewe ni nani, unataka nini, ni wizi wa mtandaoni ama ni jamaa wa kanisani. Anaiacha. Baada ya saa mbili unaongeza 'Uko?' Sasa umemkasirisha. Weka vyote katika ujumbe mmoja: salamu, jina lako, ulikotoa nambari yake, na unachotaka. 'Habari yako Bi Fulani. Mimi ni fulani, mwanafunzi wa umeme, nimepewa nambari yako na mwalimu wangu.' Imetosha, anakujua.

Jihadhari na 'Habari ya asubuhi'. Ni tamu asubuhi, lakini akifungua simu saa mbili usiku inaonekana kama chai iliyolala. 'Habari yako' au 'Hujambo' haziozi. Jihadhari pia na salamu za dini. 'Bwana asifiwe' kwenye kundi la kwaya ni sawa, na 'Asalaam aleikum' kwa jirani wa Eastleigh ni ungwana wenyewe ukijua ataipokea. Lakini nimeona barua ya kuomba kazi iliyoanza 'Bwana asifiwe' ikienda kwa mfanyabiashara Mwislamu. Mwandishi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa tu amenakili barua ya binamuye.

'Niaje' je? Mimi sina ugomvi na Niaje. Kwa rafiki, kwa makanga, kwa jamaa wa gengeni, hata kwa mdosi kijana aliyekutangulia yeye mwenyewe kwa 'Niaje', tumia. Kanuni yangu ya saiba ilikuwa moja: mkubwa ndiye anayefungua mlango wa Sheng. Akikuandikia 'Poa boss, kuja kesho', unaweza kulegea kidogo. Ukiufungua wewe, umejikaribisha kwa watu.

Wasichana walinilalamikia sana kuhusu jambo jingine, na ni haki yao. Wavulana wengi wakiandikia mwanamke wa rika lao kwa shughuli ya kazi huanza na 'Hi dear', 'Mrembo', 'Msupa'. Fundi anataka kuuliza mlango upakwe rangi gani, anaanza na 'Mrembo'. Kuna dada mmoja anayeuza vitenge Gikomba aliyeniambia mteja akianza hivyo, bei inapanda papo hapo. Nampa heko.

Sasa nikusimulie ile barua ambayo bado inanijia kichwani, halafu nikuache.

Alikuwa mama wa Kaloleni, umri wa kupata miaka sitini, leso kiunoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuja saa za jioni saiba ikiwa na vijana wengi wanaocheza gemu. Akangoja wapungue. Halafu akavuta kiti karibu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anataka kumwandikia mwanawe aliye gerezani. Hawakuwa wamesemezana tangu kabla ya kesi. Yeye mwenyewe alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hana mtoto.

Nikafungua ukurasa. "Tuanze, mama. Kwa nani?"

Akataja jina la kijana, majina yote mawili. Nikachapa. Akaangalia kioo. Akatikisa kichwa. "Hapo ni kama mahakamani." Nikafuta.

Nikapendekeza 'Kwa mwanangu'. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema hapana, kwa sababu alishasema hana, na kijana aliambiwa. Akiona neno hilo atadhani ni mama anataka kitu. Nikajaribu 'Mpendwa'. Akauliza, "Nani huongea hivyo?" Nikajaribu kuweka jina la kwanza pekee. Akasema hilo ndilo majirani walimwitia polisi nalo.

Tulikaa hapo karibu nusu saa, ukurasa mweupe, kile kialama kikipepesa. Aya za ndani alikuwa nazo zote tayari: dada yake amejifungua, bafu la nje limekarabatiwa, yule mwenzake waliyeshtakiwa pamoja amehama mtaa. Hizo angezisema kwa dakika tano. Ni mlango tu uliokuwa umemshinda.

Alijua pia kwamba barua ya gerezani hupita kwa askari kabla ya kumfikia mfungwa. Alitaka neno ambalo askari akilisoma haliwezi kumwambia chochote.

Mwishowe akasema, "Andika 'Kwa baba'."

Nilidhani amebadili nia, kwamba sasa anamwandikia mumewe. Akanieleza. Yule kijana alipewa jina la babu yake, baba mzazi wa huyu mama, kama desturi ya kwao ilivyo. Tangu akiwa wa kubebwa mgongoni alikuwa akimwita baba. Baba amelala? Baba, kula. Baba, toka kwenye mvua. Aliacha kumwita hivyo siku ile polisi walipokuja.

Nikachapa 'Kwa baba', nikaweka koma. Zile nyingine zikamtoka haraka hadi vidole vyangu vikashindwa kumfuata. Ikawa ukurasa mmoja na nusu. Sikumtoza ile nusu.

Alirudi baada ya wiki tano au sita. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imeandikwa kwa kalamu ya bluu pande zote mbili. Hakutaka nimsomee, alishasoma. Alitaka kopi mbili, moja ya dadake na moja ya kuweka kwenye Biblia. Mimi huwa sisomi karatasi za watu, lakini unapoilaza karatasi kwenye mashine mstari wa juu unauona utake usitake.

Ulikuwa umeandikwa 'Kwa binti yangu'.